Mshawishi Asemaye Kiswahili: Juu ya Mchezo Mmoja wa Mashahidi Ulioonyeshwa Ntinda

Mwalimu wa Kiswahili wa Uganda akitajiwa Ntinda hufikiri kwanza habari za mitihani. Huko, kando ya barabara iitwayo Martyrs' Way, yaani Njia ya Mashahidi, ndiko yaliko makao ya Baraza la Taifa la Mitihani, na wengi wetu tumekwisha kufika pale kwa shughuli za karatasi za somo letu. Jina la barabara na kazi ya ofisi hiyo vimekutana kwa bahati tu. Hata hivyo mpenzi wa lugha hawezi kupita pale asitabasamu, kwa maana katika Kiswahili mtihani si karatasi ya shule peke yake. Aliyefiwa husema amepata mtihani. Aliyeachishwa kazi naye husema vivyo hivyo.

Ni huko Ntinda, katika ukumbi mdogo wa kanisa, siku chache kabla ya sikukuu ya tarehe 3 Juni, tulikotazama mchezo wa kuigiza juu ya vijana wa Kabaka Mwanga waliouawa Namugongo mwaka 1886. Waliocheza walikuwa vijana wa mtaa na wanafunzi, na mwandishi wake ni mwalimu kijana ambaye sitamtaja jina, maana kazi yake bado ni changa na nia yake ni njema. Namugongo si mbali na Ntinda, na mahujaji wengi hupita sehemu hizo kwa miguu wakati wa sikukuu. Kwa hiyo hadhira iliyokuwa ukumbini ilikijua kisa kabla pazia halijafunguliwa. Mchezo wa namna hii haupimwi kwa kuuliza nini kitatokea baadaye, bali kwa kuuliza unatuonyesha nini ambacho hatukukiona katika hadithi tuliyoizoea.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Sehemu ya sala ya usiku ilichezwa kwa ustadi mkubwa. Taa zote zilizimwa, ikabaki kandili moja sakafuni, na vijana wakasali kwa kunong'ona huku mmoja wao akiwa mlangoni ametega sikio. Hatukusikia maneno yote, wala haikuwa lazima. Katika usiku ule wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, Charles Lwanga, mkubwa wa vijana hao, aliwabatiza kwa siri wenzake kadhaa waliokuwa bado wakifundishwa dini, miongoni mwao Kizito, aliyekuwa mtoto wa miaka kama 14. Hofu ya usiku huo niliiona jukwaani. Nyimbo nazo zilikuwa nzuri, ijapokuwa ngoma zilizidi.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Mchezo huu umeandikwa kwa lugha mbili. Lwanga na wenzake husema Kiluganda tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaosema Kiswahili ni watatu: mfanyabiashara mwenye nguo na shanga, askari mwenye rungu, na Ibilisi mwenyewe, aliyevikwa shuka jeusi na pembe za karatasi. Kila mmoja wa hawa alipofungua kinywa ukumbi uliangua kicheko. Nacho si Kiswahili cha kuchekesha kwa umbuji wake, la hasha. Ni kile Kiswahili cha amri, kisicho na upatanisho wa ngeli, cha "wewe kuja hapa" na "leta hiyo kitu". Kwa kifupi, katika mchezo huu Kiluganda ni lugha ya sala na Kiswahili ni lugha ya kishawishi.

Yafaa tukiri kwamba kicheko kile kina sababu zake. Kiswahili kiliingia masikioni mwa Waganda wengi pamoja na buti za askari, tangu siku za jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mpango wa serikali ya kikoloni wa kukieneza katika Buganda. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kuwa ndiyo lugha ya taifa, na watu wakaendelea kuisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilijifunza kuliogopa neno "simama" kabla sijajua kwamba ni kitenzi. Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005 Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini masikio ya watu hayabadilishwi na maazimio. Mwandishi wetu aliyajua masikio hayo, akayachezea. Naye pia alikuwa na kishawishi chake usiku ule, nacho ni kicheko cha hadhira.

Lakini ukweli wa kisa chenyewe uko kinyume kabisa. Alexander Mackay alifika Buganda mwaka 1878 akiwa amejifunza Kiswahili njiani, na kwa kutumia tafsiri za Askofu Steere wa Unguja alianza kusoma na kufundisha. Mapadri Weupe waliofika mwaka uliofuata, Padri Lourdel akiwa wa kwanza, nao walianzia kwenye Kiswahili. Injili ya Matayo kwa Kiluganda haikukamilika kupigwa chapa mpaka mwaka 1887, na wakati huo vijana wa Namugongo walikuwa wamekwisha kuwa majivu. Maana yake ni kwamba wale walioitwa wasomaji, kwa kuwa kusoma na kusali vilikuwa jambo moja machoni pa watu, waliyapokea mengi ya mafundisho yao ya kwanza kwa lugha ambayo mwandishi wetu amemvika nayo Ibilisi. Na kabla yao, Uislamu uliingia na wafanyabiashara wa pwani tangu mwaka 1844, na Waislamu wa Buganda waliuawa kwa ajili ya dini yao katika miaka ya 1870, chini ya Kabaka Mutesa. Kiluganda cha ibada kimehifadhi alama za historia hiyo hata leo: "ddiini", "kitabo", "essaala", "sitaani", "malayika". Mganda Mkristo hawezi kusali kwa muda mrefu asitumie neno lililopitia pwani.

Hapo pana kasoro ya historia. Iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kasoro ya sanaa, na inatokana na namna mwandishi anavyoelewa kushawishiwa.

Walimu wenzangu mnajua kwamba katika ile sala waliyofundishwa wanafunzi wa Yesu, Wakatoliki wasemao Kiswahili hutumia neno "kishawishi", na Waprotestanti wengi hutumia neno "majaribu". Neno la Kigiriki lililoko nyuma yao lina maana zote mbili, kuvutwa na kupimwa, na Kiswahili kimelazimika kuchagua. Si Kiswahili tu chenye taabu hapo. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliidhinisha mabadiliko ya sentensi hiyo kwa Kiitalia, kwa sababu watu waliuliza itakuwaje Mungu amtie mtu kishawishini. Kwa mhakiki wa tamthilia tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Shawishi hudai mshawishi. Lazima awepo mtu wa pembeni mwenye maneno matamu. Jaribu halidai mtu. Laweza kuwa njaa, au usiku mrefu, au mapenzi ya mzazi. Jukwaa hupenda kishawishi kwa sababu kinampatia mwandishi mhusika, na mhusika akiwa na pembe basi kazi imekwisha. Mwandishi wetu alilifuata neno moja na kulisahau la pili.

Tazama alichokiacha. Mkuu wa wauaji aliitwa Mukajanga, na miongoni mwa vijana waliohukumiwa alikuwamo Mbaga Tuzinde, aliyelelewa nyumbani kwake kama mwanawe. Mukajanga alimsihi. Hakumtaka amtukane Mungu, wala hakumpa fedha. Alimwomba aseme tu kwamba ataacha kusali, au akubali kufichwa na jamaa zake mpaka ghadhabu ya mfalme ipite. Mbaga alikataa, na mzee yule akaamuru kijana apigwe kwanza shingoni afe, ili asiusikie moto. Hapa mshawishi analia, na kila analosema ni la huruma. Katika mchezo wa Ntinda tukio hili lilipita kwa maneno machache, Ibilisi naye akacheza ngoma karibu robo saa. Kijana aliyecheza Mukajanga alikuwa na uwezo wa kubeba zaidi. Alipogeuka kumwacha mwanawe nyuma, mabega yake yalisema kuliko mistari aliyopewa.

Kisa hiki kinafanana na mambo ya kale sana. Mtakatifu Athanasio alipoandika maisha ya Antoni, mkaa pweke wa Misri wa karne ya 3 na ya 4, hakuanza na wanyama wakali na mazimwi ambayo wachoraji wa Ulaya waliyapenda baadaye. Anasema kwamba mwanzoni Antoni alisumbuliwa na kumbukumbu ya mali aliyoiacha, na ya dada yake, na ya jamaa zake. Mazimwi yalikuja baadaye. Wale wazee wa jangwani walijua kwamba jambo la kwanza kumrudisha mtu nyuma huwa ni zuri, na lina sauti ya nyumbani.

Ndiyo maana nasema mwandishi amezigawa lugha zake kichwa chini miguu juu. Ningalikuwa mimi, vijana wangesali kwa Kiswahili chao cha kujifunza, kile cha kusitasita, cha mtu anayesoma kitabu kwa kidole. Na Mukajanga angemsihi Mbaga kwa Kiluganda, kwa lugha ya mama, yenye majina ya utoto. Hapo hadhira ya Ntinda isingecheka. Ingeshikwa na hofu, kwa sababu ingejikuta inatamani kijana akubali.

Neno moja juu ya kufunga na kujinyima, maana mchezo umelipa jambo hili nafasi kubwa bila mafanikio. Kijana mmoja anasimama mbele, anakataa sahani ya matoke, kisha anatueleza kwa mistari mingi kwamba anafunga. Mtu afungaye hatangazi. Najua shida iliyopo: nidhamu ya sala ni marudio, na jukwaa halipendi marudio, hutaka jambo litokee. Lakini kipo kitu ambacho mwandishi angaliweza kukitumia. Mapadri Weupe, kwa agizo la Kardinali Lavigerie, waliwataka wanafunzi wao wangoje miaka minne kabla ya ubatizo. Vijana hao walikuwa pia watumishi wa kasri, waliozoea kukesha, kunyamaza, na kuitika usiku wa manane. Kungoja walikujua. Kisha, baada ya kuhukumiwa, walikaa Namugongo kwa siku kadhaa wakiwa wamefungwa huku kuni zikikusanywa. Kiswahili kinatupa hapa kitenzi kimoja chenye nyuso mbili: walifungwa, nao walifunga. Siku hizo za kungoja, ambamo hakuna linalotokea ila sala ya asubuhi na ya jioni, hazimo katika mchezo hata kidogo. Tunatoka hukumuni na kuingia motoni.

Msomaji atasema kwamba namdai mwalimu wa mtaani yale yanayowashinda mabingwa. Sivyo. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile, mwaka 1969, alimweka mtu gerezani mwishoni mwa mchezo, akamwachia jambo moja tu la kufanya, nalo ni kukataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Pembe hazikuhitajika, wala ngoma, na mwanafunzi yeyote aliyeusoma mchezo huo anakumbuka mwisho wake.

Baada ya mchezo nilimwendea mwandishi, nikampa maoni yangu kwa ufupi. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, Lwanga akisali kwa Kiswahili mbele ya watu hawa, watadhani ni askari." Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba sisi tunaofundisha lugha hii tumewapa wanafunzi wetu Kiswahili cha mtihani, na mtaa umewapa Kiswahili cha amri, na sijui ni wapi mtoto wa Ntinda angeweza kukisikia Kiswahili cha mtu anayeomba kwa unyenyekevu. Baadhi ya makanisa ya mjini yana ibada kwa lugha hii, lakini waendao huko wengi ni wageni waliotoka Kongo na Kenya.

Aliniomba basi nimwandikie sala ya usiku kwa Kiswahili, fupi, ya kunong'ona, aijaribu mwakani watakapocheza tena. Nimeanza kuiandika. Nimetafuta maneno ambayo kijana wa mwaka 1886 angeweza kuwa ameyasikia kwa mtu wa pwani, nikaepuka yale yaliyotungwa na kamati zetu. Nimekwama mahali pamoja, penye kuchagua kati ya kishawishi na majaribu, na wachezaji wake ni wa madhehebu yote mawili.