Kiunzi Kabla ya Moto: Jinsi Flying Scotsman Ilivyorudishwa Relini

Aghalabu asimuliaye habari za injini kongwe ya moshi iliyofufuliwa huanza na boila, kwa kuwa ndiko uliko moto, mvuke na hatari, na jicho la mtazamaji huvutwa huko kabla ya pengine popote. Walakini kazi iliyofanywa juu ya Flying Scotsman, tangu Januari 2006 hadi Januari 2016, yadhihirisha kwamba boila njema yaweza kuketi juu ya kiunzi kilichochoka, na kwamba ni kiunzi hicho, kisichosifiwa na mtu, kilichokula miaka na mali ya watengenezaji.

Injini hii ilitoka katika karakana za Doncaster mwaka 1923, kwa michoro ya muhandisi Nigel Gresley. Mwaka 1934 ikapimwa ikienda maili 100 kwa saa. Na ilipostaafishwa mwaka 1963 ikapita katika mikono ya wenye mali walioipenda, ikafika Marekani na hata Australia, kabla ya kununuliwa mwaka 2004 na Jumba la Taifa la Makumbusho ya Reli la Uingereza, lililoko York, kwa takriban pauni milioni 2.3, ambazo sehemu yake ilichangwa na raia wenyewe. Chombo chenye historia ya namna hiyo, kilichotengenezwa na karakana nyingi kwa nyakati mbalimbali, kila moja ikiziba aibu ya mwenzake, kilistahili kupimwa inchi kwa inchi kabla ya mtu yeyote kutaja tarehe ya kukimaliza.

Katika habari ya boila, uamuzi uliofanywa ulikuwa wa busara. Injini ilinunuliwa ikiwa imebeba boila ya aina ya A4, iliyokuwa na kani ya ratli 250 kwa kila inchi ya mraba, na pamoja nayo ikaja boila ya akiba ya aina ya A3, ambayo ndiyo hasa inayowafikiana na injini ya sampuli hii, na kani yake ni ratli 220 tu. Jumba likachagua hii ya pili. Tanuri ya ndani ya boila hiyo ni ya shaba nyekundu, nayo imeshikwa na ganda la nje la feleji kwa vijiti vingi mno, ambavyo kimoja kikikatika wenzake huchukua mzigo wake, hata nao wakakatika kwa zamu. Kwa hiyo fundi hugonga kila kijiti kwa nyundo na kuisikiliza sauti yake, na mabomba yote ya moshi huondolewa ili ndani paonekane. Kisha hutiwa maji, wala si mvuke, yakasukumwa kupita kani ya kazi. Na hikima yake ni kwamba maji hayabanwi kama mvuke, hata bamba likipasuka hutoka mchirizi tu, ilhali mvuke ungalibomoa karakana.

Lakini tuje kwenye kiunzi, yaani zile bamba mbili ndefu za feleji zinazobeba kila kitu, maana hapa ndipo penye fundisho. Flying Scotsman ina silinda tatu, mbili za nje na moja ya kati, na hiyo ya kati imelazwa kwa mteremko ili mkono wake uipite ekseli ya mbele na kuifikia ekseli iliyopindwa. Gresley hakuipa silinda hiyo mitambo yake ya kuongoza vali. Alitumia nyenzo mbili zilizokingama mbele ya injini, zikichukua mwendo wa vali za nje na kuuchanganya, ukazaa mwendo wa vali ya kati. Ni ufundi wa ajabu, na mimi nauhesabu miongoni mwa fikra nzuri kabisa za elimu ya reli. Illa unadai usahihi usio na huruma, kwani pini za nyenzo hizo zikilika kidogo, vali ya kati huenda mbali kuliko ilivyokusudiwa, silinda ya kati ikafanya kazi kuliko sehemu yake, na beringi kubwa ya mkono wake ikapata moto. Na lau kiunzi chenyewe kimepinda, ukabadilisha pini zote na beringi zote, maradhi yatarudi vilevile.

Mwezi Mei 2011 injini ilionyeshwa kwa watu ikiwa imepakwa rangi nyeusi ya siku za vita, na haukupita muda nyufa zikaonekana katika vyuma vinavyofunga, kwa upande wa chini, zile nafasi ambamo sanduku za ekseli hupanda na kushuka. Ufa wa mahali pale si jambo dogo, kwa kuwa wamaanisha kwamba kiunzi kimekuwa kikitikisika kwa miaka mingi. Na kila palipochunguzwa zaidi pakazuka haja ya kuchunguza pengine, hata ikawa lazima kuipima upya mistari ya silinda na ekseli. Ripoti ambayo jumba lenyewe liliitangaza mwaka 2012, na kwa kuitangaza lastahili heshima, ilikiri kwamba hali ya injini haikuchunguzwa ipasavyo mwanzoni. Nami naona rangi ile ilitangulia kipimo, na kila pauni iliyotumika kufungua tena kilichokwisha kufungwa imetokana na mpango huo uliopinduliwa.

Oktoba 2013 injini ikapelekwa Bury, kwa mafundi wa Riley & Son, ambao walikitengeneza kiunzi kwanza, kwa utaratibu uliopaswa kufuatwa tangu awali, wala boila haikuwekwa juu yake hata Aprili 2015. Januari 2016 ikatembea kwa mvuke wake wenyewe katika reli ya East Lancashire, na tarehe 25 Februari, ikiwa na rangi ya kijani na namba 60103, ikavuta abiria kutoka King's Cross hadi York, baada ya gharama iliyofikia pauni milioni 4.2.