Kirikuu: Chesisi Kwanza, Injini Baadaye

Mifuko saba ya saruji ya kilo 50 ndiyo mzigo kamili wa kirikuu. Kilo 350 ni kikomo kilichowekwa na sheria ya Japani kwa malori ya daraja la kei, na Suzuki Carry, yaani kirikuu tunayoiona kila kona ya Dar es Salaam, ilisanifiwa ndani ya kikomo hicho. Chesisi, difu na breki zake zote zilipigiwa hesabu hiyo. Gari linapoanza kushindwa mlima, wengi huwaza injini kubwa zaidi. Wazo hilo lina mantiki, lakini kazi huharibika fundi anapoitazama injini peke yake. Nguvu ikitoka kwenye injini inapita klachi, giaboksi, propela, difu na ekseli ndipo ifike barabarani, na popote palipo dhaifu ndipo patakapovunjika.

Ukubwa wa injini yenyewe uliamuliwa na sheria. Kuanzia 1976 magari ya kei yaliruhusiwa cc 550, na mwaka 1990 zikapanda hadi 660. Upana wa mita 1.4 ulibaki vilevile hadi Oktoba 1998, ulipoongezwa kuwa mita 1.48, na urefu ukawa mita 3.4. Ndani ya nafasi hiyo finyu kila kampuni ilitafuta njia yake. Suzuki iliweka injini ya Carry chini ya viti, ikapeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma kwa propela. Honda iliiweka ya Acty chini ya keria, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito badala ya chesisi ya pekee. Subaru Sambar, hadi Subaru ilipoacha kuitengeneza mwaka 2012, ilikaa na injini nyuma kabisa, juu ya chesisi ya ngazi. Kwa hiyo kinachowezekana kwenye Carry hakiwezekani moja kwa moja kwenye Acty. Kwenye Carry kuna mihimili miwili mirefu ya kushikia injini na kuna propela ya kupokea nguvu. Kwenye Acty, ukikata sehemu ya bodi umekata chesisi.

Badiliko lenye akili zaidi kwa Carry za miaka ya 1990 limo ndani ya ukoo wake mwenyewe. Injini yake ya F6A ina silinda tatu zenye kipenyo cha milimita 65, na pistoni inasafiri milimita 66, jumla cc 657. Ndugu yake F8B nayo ina silinda tatu, ila kipenyo ni milimita 68.5 na safari ya pistoni ni milimita 72, jumla cc 796. Ongezeko ni kama asilimia 21. Safari hiyo ndefu ya pistoni husaidia injini kuvuta ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na hicho ndicho gari la mzigo linachohitaji. Tena kiwanda kilishaonyesha njia: Maruti ya India iliifunga F8B chini ya viti vya mbele vya gari lake la mwaka 1984, lililojulikana baadaye kama Omni, na gari hilo lilitokana na Carry. Huko Japani injini hiyo ingeliondoa gari kwenye daraja la kei, kwa sababu imevuka cc 660.

Hata injini ya ukoo mmoja inadai vipimo. Kabla ya kuishusha, fundi apime sampu inapita wapi juu ya krosmemba. Ikigusa, kishawishi cha kwanza ni kuikata krosmemba. Hilo ni kosa kubwa, maana kipande hicho ndicho kinachozuia mihimili miwili isijinyonge gurudumu moja linapoingia shimoni. Suluhisho ni kubadilisha sampu au kusogeza vishikio vya injini. Ikilazimu kabisa kuikata, kwanza ijengwe nyingine ya kuipita sampu, yenye nguvu isiyopungua ya zamani.

Chesisi nayo ikaguliwe kabla ya senti kutumika kwenye injini. Sugua kutu kwa brashi ya waya, hasa pale vishikio vya springi za nyuma vinapokutana na mhimili, maana hapo ndipo gari lililobebeshwa kupita kiasi huanza kupasuka. Ukikuta ufa, toboa tundu dogo mwishoni mwake ili usiendelee, usage, kisha uchomelee. Kiraka cha juu kikatwe ncha za mshazari. Kikikatwa wima, mkazo wote unakusanyika kwenye mstari mmoja na chuma kinapasuka upya pembeni ya weldingi. Waya za betri zitolewe kabla ya kuwasha mashine.

Linalosahaulika zaidi ni pembe ya propela. Krosi zake, viungo vya ncha ya mbele na ya nyuma, zinapaswa kufanya kazi kwa pembe zinazolingana. Zikitofautiana, difu inapokea mzunguko unaoharakishwa na kupunguzwa mara mbili kila propela inapozunguka. Dereva anausikia kama mtetemo kwenye sakafu. Beringi ya nyuma ya giaboksi inaulipia. Ukiinua injini ili sampu ipite, umeshabadilisha pembe ya mbele, kwa hiyo ipime tena.

Marekani na kwingineko wapo waliofunga injini za pikipiki kwenye magari haya, na Suzuki Hayabusa ya cc 1299 ni mojawapo ya zinazopendwa. Kazi hiyo ina ufundi wa kuheshimika. Lakini nguvu ya kuzungusha ya injini hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya F6A, giaboksi yake haina gia ya kurudi nyuma, na mara nyingi injini hukaa kwenye keria. Kwa mwenye gari la kubebea nyanya, hapo biashara imeisha.

Kwa kirikuu ya kazi, mpangilio ninaoutetea ni huu: chesisi, breki, klachi, krosi, kisha F8B. Mwenye gari aelewe pia anachonunua. Ananunua kupanda mlima bila kuipigisha kelele injini. Hanunui ruhusa ya kupakia mifuko 20 ya saruji, kwa sababu hiyo ni tani nzima, na ekseli, springi na breki bado ni za kilo 350. Fundi mwaminifu humwambia mteja jambo hilo kabla ya kufungua nati ya kwanza.