Hofu ya Uboho: Jinsi Dawa ya Saratani Ilivyopimwa Kilifi

Haidroksiyurea si dawa ya jana. Wanakemia wa Ujerumani waliitengeneza mwaka 1869, na kufikia 1967 Marekani ilikuwa imeidhinisha itumike kutibu saratani, na hadi leo hutumika kwa maradhi ya uboho yanayoufanya utoe chembe za damu kupita kiasi. Mwaka 1995 utafiti wa watu wazima 299 nchini Marekani na Kanada ulionyesha kwamba dawa hiyohiyo hupunguza karibu nusu ya vipindi vya maumivu makali kwa wagonjwa wa selimundu, maradhi ambayo huku Mombasa wengi wetu huyaita sikoseli. Ikapita zaidi ya miaka 20 ndipo matokeo ya kuitumia kwa watoto wa pwani ya Kenya yakapatikana. Sababu iliyokuwa ikitolewa ni hofu: dawa hii hukandamiza uboho, na mtoto wa Kiafrika mwenye sikoseli tayari ana malaria, nimonia na lishe duni vya kupambana navyo, kwa hiyo kumpunguzia chembe nyeupe ni kumvua silaha. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki, lakini haikuwa na vipimo. Ninachokiona katika kazi iliyofanywa Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka mtaa wetu wa Majengo hapa Mombasa kwa barabara ya Malindi, ni kwamba kilichoishinda si ujasiri wa kutoa dawa, bali uamuzi wa kuupima uboho wa watoto kabla ya kidonge cha kwanza.

Tuangalie kwanza dawa yenyewe. Uboho hutengeneza chembe mpya za damu kila siku, na kila chembe ikigawanyika huhitaji malighafi ya kujengea nakala ya vinasaba vyake. Haidroksiyurea huzuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi hiyo. Kwa mgonjwa wa saratani, faida ni kwamba chembe zinazozaliana ovyo hupunguzwa kasi. Kwa mwenye sikoseli faida huja kwa njia nyingine: uboho uliobanwa kidogo huanza kutoa chembe nyekundu zenye himoglobini ya kichanga, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Himoglobini hiyo haiungani na kuwa nyuzi ngumu, basi chembe hubaki laini na kupita kwenye mishipa midogo bila kuiziba. Tangu 1948 daktari Janet Watson wa New York alikuwa ameeleza kwamba watoto wachanga wenye maradhi haya hawaonyeshi dalili kwa sababu bado wanayo himoglobini hiyo kwa wingi. Kwa hiyo kuubana uboho si ajali inayofuatana na tiba. Ndiyo tiba yenyewe, na swali zima ni kiasi gani.

Pwani ina haki ya kudai jibu la swali hilo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akipima damu, akakuta kwamba katika jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba nusu ya urithi huu, hali nyanda za juu kati ya sehemu hizo mbili walikuwa chini ya mmoja. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wabebaji hao wana kinga dhidi ya malaria. Watu wengi hulisikia hilo wakadhani mgonjwa naye amekingwa. Hasha. Aliyerithi kwa mzazi mmoja hulindwa. Aliyerithi kwa wote wawili, malaria ikimpata huwa hatarini kuliko jirani yake, kwa kuwa damu yake ni pungufu tangu mwanzo. Dhana nyingine ya siku nyingi ilidai kwamba bakteria wanaowaua watoto wenye sikoseli Ulaya na Marekani si tatizo Afrika. Thomas Williams na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust walirejea kwenye sampuli za watoto waliolazwa Kilifi, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba sikoseli ilikuwemo kwa 108 kati ya 1,749 waliokuwa na bakteria katika damu, yaani asilimia 6, hali kwa watoto wa kulinganishia ilikuwa asilimia 1 tu. Bakteria aliyeongoza alikuwa yuleyule wa nimonia anayejulikana kwingineko. Penisilini na chanjo zikapata hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza. Naitaja kazi hiyo kwa sababu mbinu yake ndiyo iliyorudi kwenye suala la uboho: dhana kuhusu watoto wa hapa ipimwe kwa watoto wa hapa.

Utafiti wa haidroksiyurea uliitwa REACH. Uliongozwa na Russell Ware wa Cincinnati akishirikiana na Williams kule Kilifi, Peter Olupot-Olupot kule Mbale, Léon Tshilolo kule Kinshasa na timu ya Luanda nchini Angola. Watoto 606, wa umri wa mwaka 1 hadi 10, walianza kumeza dawa. Lakini kabla ya hapo kila mtoto alifuatiliwa kwa takriban miezi miwili bila dawa, akipimwa damu na kuandikiwa kila homa, kila maumivu na kila mara aliyoongezewa damu. Kisha akaanzishiwa dozi ya wastani wa miligramu 17.5 kwa kila kilo ya uzito wake, ikabaki hapo miezi sita, ndipo ikapandishwa kidogo kidogo hadi kiwango cha juu ambacho uboho wake uliweza kustahimili. Hiyo miezi miwili ya kungoja ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Mtafiti mwenye haraka angeiona ni muda uliopotea, kumbe bila yake kila hesabu mbaya ya damu ingelaumiwa dawa.

Matokeo yalipotangazwa Desemba 2018, magazeti yalishika habari ya vifo, navyo kweli vilipungua kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, ukijumlisha muda wa watoto wote. Maumivu makali yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, na malaria, ile iliyohofiwa, kutoka 46.9 hadi 22.9. Mimi namwomba msomaji atazame tarakimu mbili ambazo hazikupigiwa tarumbeta. Matukio ya damu kushuka hadi kiwango cha kulazimu dawa isimamishwe yalikuwa 20.6 kwa kila miaka 100 wakati wa matibabu. Kabla ya matibabu, watoto walewale wakiwa hawajameza chochote, yalikuwa 20.7. Maana yake, kile ambacho daktari angekiita sumu ya dawa kilikuwepo tayari, kikiletwa na maradhi yenyewe na maambukizi yanayofuatana nayo, na dawa haikukiongeza. Hofu ya miaka 20 iliegemea kwenye kudhani kwamba uboho wa mtoto huyu ni mzima hadi dawa iuguse.

Mkosoaji makini atauliza: kundi la kulinganishia liko wapi? Halikuwepo. Kila mtoto alilinganishwa na nafsi yake, na udhaifu wa hilo ni wa kweli. Watoto 600 kwa miezi miwili ni takriban miaka 100 tu ya ufuatiliaji, kwa hiyo ile 3.6 ya vifo vya kabla ya dawa imesimama juu ya vifo kama vinne. Malaria nayo ina misimu, mtoto hukua na kujenga kinga, na familia inayokwenda kliniki kila mwezi huhudumiwa vizuri hata dawa isipofanya kitu. Kwa sababu hizo singethubutu kusema kwamba haidroksiyurea inazuia malaria kwa nusu. Ila swali la hofu halikuwa kama dawa inazuia malaria, lilikuwa kama inaizidisha, na hapo kundi la kulinganishia lilipatikana Uganda. Katika hospitali ya Mulago, Robert Opoka, Chandy John na wenzao waliwagawa kwa kura watoto 207, wengine dawa, wengine kidonge kisicho na kitu, bila mzazi wala daktari kujua nani kapewa nini. Baada ya mwaka mmoja, katika matokeo yaliyochapishwa 2017, malaria haikuwa zaidi kwa waliomeza dawa. Kila utafiti una ufa wake, lakini nyufa haziko mahali pamoja: mmoja una kura, mwingine una miaka na nchi nne.

Kuna wazazi wanaouliza kama dawa ya saratani haitaleta saratani. Ni swali la haki, lisijibiwe kwa kumpuuza mama. Baadhi ya wagonjwa wa uboho waliotumia haidroksiyurea kwa miaka mingi walipata saratani kali ya damu, lakini maradhi yao yenyewe huweza kugeuka hivyo hata bila dawa. Wale watu wazima wa utafiti wa 1995 walifuatiliwa hadi miaka 17 na nusu, na ongezeko la saratani halikuonekana. Wavulana wanapobaleghe suala la mbegu za uzazi lazima lizungumzwe waziwazi, kwani dawa huweza kuzipunguza.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la kawaida kabisa: dozi na maabara. Kidonge kinachopatikana kwa urahisi ni cha miligramu 500. Mtoto wa kilo 12 akihitaji miligramu 20 kwa kila kilo, dozi yake ni 240, chini ya nusu ya kidonge, na kidonge chenyewe ni cha ganda lenye unga, hakikatiki kwa kisu. Kisha hesabu kamili ya damu inatakiwa mara kwa mara ili dozi ipande bila kuukwaza uboho. Wapo wanaosema basi tutoe dozi ndogo isiyobadilika, tupunguze vipimo. Mulago walilijaribu hilo pia. Watoto 187 waligawanywa, nusu wakabaki kwenye takriban miligramu 20 kwa kilo, nusu wakapandishwa hadi karibu 30. Utafiti huo, uliochapishwa 2020, ulikatizwa kabla ya wakati wake kwa kuwa waliopandishwa dozi walikuwa na maumivu machache, waliongezewa damu mara chache na hawakuzidi kudhurika. Kwa hospitali kuu ya pwani, ile ambayo watu wa Majengo bado huiita Makadara, na kwa kliniki zinazoizunguka, hili linamaanisha kwamba mashine ya kuhesabu chembe za damu na kidonge cha miligramu 100 ni sehemu ya tiba sawa na haidroksiyurea yenyewe, na vinafaa viingie katika bajeti moja nayo.