Mwinjilisti Wetu Ameridhika Mno

Ndugu msomaji, kama unaandika hadithi fupi, bila shaka umeshakutana naye. Ni kijana wa mjini, mwinjilisti au katekista, kapelekwa kijijini kusikofika basi. Ukurasa wa kwanza analia kwa sababu hakuna umeme. Ukurasa wa tatu anaumwa malaria. Ukurasa wa tano bibi mmoja anamletea muhogo, jua linazama, moyo wake unajaa amani. Mwisho. Miswada ya namna hiyo nimesoma minne ya wenzangu, na wa tano ni wangu mwenyewe. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nawacheka; mshitakiwa wa kwanza ni mimi.

Wangu niliuweka Ushongo, kusini ya Pangani, kwa sababu jina lilinipendeza na nilikuwa nimeona picha ya minazi. Sura sita nilizimaliza chumbani Tanga, kabla sijavuka Mto Pangani hata siku moja. Baadaye nikaona aibu. Nikapanda basi mpaka Pangani, nikavuka kwa pantoni hadi Bweni, nikachukua bodaboda. Jamani! Siku moja tu ilifuta sura nne. Ushongo ni pwani ya Waislamu, na katika mswada wangu hamkuwa na msikiti hata mmoja. Nilikuwa nimeuondoa ili mhusika wangu apate kimya cha kusali! Tena kuna hoteli za wageni ufukweni, na wachuuzi wanabishana bei ya pweza kwa simu. Kile kijiji nilichokiita "kilichosahauliwa" kilikuwa na habari za Simba na Yanga kunizidi mimi.

Kosa hili ni la fani, si la imani. Kijiji chetu hakina kazi yoyote katika hadithi isipokuwa kumponya mgeni. Bibi wa muhogo hana jina, hana deni, hana mjukuu aliyerudishwa shule kwa kukosa sare. Akishaleta muhogo, tumemaliza naye.

Hebu mtazameni Ngugi wa Thiong'o katika *The River Between* (1965). Joshua yuko Makuyu, ameishika dini ya misheni na hana chembe ya shaka. Amani anayo, tena tele. Lakini binti yake Muthoni anakwenda kutahiriwa kwa hiari yake, anafariki, na baba yule anamhesabu kama mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Amani ya Joshua ina bei, na anayeilipa tunamjua kwa jina. Ukifunga kitabu unaiogopa amani ile. Sasa huyu mwinjilisti wetu, nani anamlipia?

Mfano mwingine si wa kubuni. Johannes Rebmann, Mjerumani, alifika pwani ya Mombasa mwaka 1846 na kazi yake ilikuwa Rabai kwa karibu miaka 29. Mwenzake Ludwig Krapf hakuwa mtu wa kutulia. Mwaka 1852 alipita hapa hapa Pangani akienda Vuga kwa Kimweri, akiota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi ya magharibi. Rebmann ndiye aliyeripoti theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wasomi wa London wakambishia. Baadaye akabaki Rabai na waongofu wachache, akikusanya maneno ya Kinyanja kutoka kwa Salimini, mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata, na kamusi yenyewe ikatoka 1877. Watu wanapenda kusimulia ile theluji. Mimi ningependa kusoma riwaya ya ile miaka ya maneno. Aliridhika, au alikwama? Kiswahili kina neno la kufaa kabisa: kukinai. Ni kutosheka, na ni kuchoshwa na chakula kile kile. Mtu mmoja anaweza kukinai kwa namna zote mbili, asubuhi hivi, jioni vile. Na Salimini je? Nani alimwuliza kama ameridhika?

Wakati wa kurudi nililala kwa mjomba wangu, mwinjilisti katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo hiyo. Jumapili niliwahesabu waumini: kumi na mmoja, pamoja na mimi. Jioni alikuwa anaziba pancha ya baiskeli, nikamwuliza, "Mjomba, umeridhika huku?" Alinyamaza mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nahesabu waliokuja," akasema. "Siku hizi namhesabu asiyekuja. Kesho yake naenda kumtazama, huenda anaumwa. Nishikie hiyo solusheni, mjomba."

Basi. Hakusema zaidi. Mkewe anafanya kazi Muheza, wanaonana mwisho wa mwezi, na hilo hakuligusa kabisa. Niliona tu mashati mawili yamepigwa pasi, yametundikwa ukutani, hayavaliwi. Yanangoja tarehe. Katika sura zangu sita hamkuwa na kitu kimoja chenye uzito wa mashati yale.

Mswada wangu sasa una sura mbili. Msikiti nimeurudisha. Bibi wa muhogo anaitwa Mwanahamisi, anamdai mwinjilisti pesa ya samaki wa wiki tatu, na sura ya pili inaishia yuko mlangoni anapiga hodi. Ndani kuna mtu, ila bado sijaamua kama ataitika.