Majina ya Rangi na Mafungu ya Macho

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu juu ya majina ya rangi, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozipima kwa vipande vya rangi. Hoja yao kuu ni kwamba binadamu huyagawa yaonekanayo kwa mafungu yaliyo karibu sawa kila mahali, na lugha huyapa majina kwa utaratibu: kwanza nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, ndipo nyingine.

Sarufi ya Kiswahili yaelekea kuwaunga mkono. Husemwa kitambaa cheusi, cheupe, chekundu; bali husemwa kitambaa cha kijani, cha manjano, cha kahawia. Yale matatu hupokea viambishi vya ngeli. Haya mengine yametokana na majani, kiungo cha mchuzi, na kahawa.

Walakini kipimo chao kina dosari. Karibu wasemaji wote walipimwa California, nao walijua Kiingereza. Tena, jina lililotokana na kitu au lililokopwa walilitilia shaka. Kwa shaka hiyo kijani, kahawia na buluu yaweza kuonekana si majina kamili, na lugha ikawekwa daraja ya chini, kana kwamba imechelewa njiani. Hukumu hiyo si ndogo. Mnunuzi wa kanga katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, baina ya Mchafukoge na Kariakoo, atajapo kijani hafikiri mti, wala muuzaji hamwulizi ni majani gani. Asili ya neno ni jambo moja, kazi yake ni jingine.

Zaidi ya hayo, fungu halikai mahali pamoja. Weupe wa kanga si weupe wa mtu mweupe. Na baina ya mtu mweupe na mweusi lipo fungu la maji ya kunde, ambalo ni la ngozi, si la nguo. Kipande cha rangi kisichokuwa cha kitu chochote hakiwezi kulidhihirisha hilo.

Basi jicho na ubongo hupambanua rangi, lakini mazoea ya watu huamua mipaka ya neno. Mtunga kamusi asitosheke kuandika “rangi ya majani”. Aeleze pia neno husemwa kwa vitu gani, na kwa vipi halisemwi.