Dhahabu Juu ya Buluu

Mwambie mchoraji nembo wa Ujerumani maneno haya tu: ngao ya buluu, duara 14 za dhahabu, nne, nne, tatu, mbili, moja. Hatakuuliza zaidi. Ameshajua kuwa ni nembo ya akina von Bülow, makabaila wa Mecklenburg kaskazini mwa nchi, ambao jina lao limo katika hati tangu 1229. Ukubwa wa duara na ukoza wa buluu ataamua mwenyewe, kwani nembo ya ukoo hukaa katika maneno, si katika picha, na kila kizazi cha wachoraji huichora upya. Nembo ya kampuni ya leo ikiguswa mstari mmoja, mawakili huamka. Hii imepita mikono isiyohesabika, na ingali ileile.

Uhuru huo una mipaka yake. Kuna metali mbili, dhahabu na fedha, na rangi chache: nyekundu, buluu, kijani, nyeusi, na kwa nadra zambarau. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Amri hiyo ina akili ya vitani. Katika karne ya 12 wapanda farasi walipoanza kuficha nyuso ndani ya chuma, ngao ndiyo iliyobaki kusema nani ni nani, nayo ilipaswa kusomeka kwa mbali. Mchoraji akabanwa kama malenga anavyobanwa na vina na mizani, na kama malenga, ustadi wake ukaonekana hapo hapo alipobanwa.

Tazama zile safu. Ngao ni pana juu na imechongoka chini, kwa hiyo duara hupungua kadiri nafasi inavyopungua. Mchoraji dhaifu huzifanya ndogo, zikaelea kama vifungo vilivyodondoka. Fundi huzinenepesha hadi buluu iliyobaki nayo iwe na umbo lake. Otto Hupp (1859–1949), aliyechora kalenda maarufu ya München kwa miaka mingi, aliurudisha unono huo wa Zama za Kati baada ya karne ya 19 kuulemea ufundi kwa mapambo. Kwangu mimi, hajapatikana wa kumpita.

Na pasipokuwa na rangi, kama kwenye muhuri au kitabu cha wino mweusi? Padri Mjesuiti Silvester Petra Sancta alieneza jibu katika kitabu chake cha 1638: mistari ya kulala ni buluu, ya kusimama ni nyekundu, nukta ni dhahabu, patupu ni fedha. Mpaka leo msomaji wa nembo huiona buluu ndani ya wino mweusi.

Akina Bülow wana pia ndege wao, yule wa manjano mwenye mabawa meusi ambaye kipupwe cha Ulaya kikikaribia hukimbilia Afrika. Wajerumani husikia jina la ukoo katika mlio wake. Mchekeshaji Vicco von Bülow (1923–2011) alijiita Loriot, jina la Kifaransa la ndege huyohuyo.

Lakini ndege hakuja peke yake. Frieda von Bülow alifika Zanzibar mwaka 1887, kisha akaandika riwaya za kuutukuza ukoloni. Kaka yake Albrecht, ofisa wa jeshi la kikoloni, aliuawa mwaka 1892 karibu na Moshi katika vita na watu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko. Bernhard von Bülow ndiye aliyekuwa Chansela wakati Vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa moto na njaa. Kwa hiyo sifa zangu ziishie kwa mwenye brashi. Wenye ngao wamekwisha kusifiwa na vitabu vyao wenyewe, ilhali wengi wa waliozichora hawakuandikwa hata jina.

Katiba ya Ujerumani ya 1919 iliwaondolea makabaila haki zao za kuzaliwa, na vyeo vikabaki sehemu ya majina tu. Ufundi haukutikisika, maana tangu kale hata wenyeji wa mjini na wakulima wa Ujerumani walikuwa na nembo zao. Chama cha Herold cha Berlin, kilichoanzishwa 1869, bado huandikisha nembo mpya za familia za kawaida, na bado huangalia kama metali imewekwa juu ya rangi.