Nullus na vikaratasi vyake

Mjini München, Ujerumani, katika Akademia ya Sayansi ya Bavaria, kuna masanduku yenye vikaratasi takriban milioni 10. Kila kimoja kimebeba neno la Kilatini pamoja na kifungu lilimotumika. Kamusi inayotokana navyo, Thesaurus Linguae Latinae, ilianza kuandaliwa mwaka 1894, na bado haijaisha. Herufi N ilirukwa kwanza, wahariri wakashughulikia O na P kabla ya kuirudia. Ndani yake mna maneno ya kukana, na watu hukana kila siku, kwa hiyo vikaratasi vyake ni vingi mno.

Chukua nullus. Mhariri huanza na umbo: nullus kwa jinsia ya kiume, nulla kwa ya kike, nullum kwa ile ya tatu. Lakini katika umoja, ukitaka kusema kitu ni cha nani, zote tatu hukutana kwenye nullius; na kwa anayepewa, nulli. Kisha hulifumua. Kuna ne ya kukana, na kuna ullus, ambalo ni unus, yaani moja, lililodogeshwa. Si hata kamoja.

Ndipo asome kikaratasi baada ya kikaratasi. Kwa kila kimoja hufungua kitabu chenyewe, apime sentensi iliyotangulia na inayofuata, halafu akiweke kwenye fungu lake. Fungu kubwa ni la "hakuna hata mmoja". Pembeni yake kuna la wanasheria: res nullius, kitu kisicho na mwenyewe, kama mnyama wa porini kabla hajakamatwa. Fungu ninalolipenda zaidi ni dogo, la tamthilia za Plautus na Terentius. Humo mtu aliyebanwa hulia nullus sum, nasi tungesema vilevile: nimekwisha!

Mkono wenye haraka hukosea hapa: nonnulli ni "baadhi", ilhali nullus non ni "kila mmoja". Non imehama tu, na kikaratasi kimehamia fungu jingine. Mhariri hukirudisha, hukisoma tena, hukisogeza.

Mafungu yakitulia, huandika makala yake kwa Kilatini, na jina lake huwekwa mwishoni. Kisha huvuta sanduku la neno jingine.